Hesabu ya Wasiofika

Habari kwamba Milimani imekuwa ya kwanza katika bara zima ilifika kijijini Ishinde asubuhi ya Jumatano, na Bibi Nakijwa aliipokea mikono ikiwa imejaa povu la sabuni.

Alikuwa ananawa ili amguse mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa na siku tatu duniani na kilo moja na robo mwilini, amelala ndani ya kiota namba mbili, mashine ya joto ya watoto njiti, ngozi yake nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Kiota kilimpulizia hewa kidogo kidogo, kikimsubiri avute ya kwake, na akichelewa kilimkumbusha. Mama yake, Namsifu, aliketi kwenye kigoda pembeni akimtazama jinsi mtu anavyotazama maziwa jikoni yasije yakafurika.

Sanduku la ukutani likaanza kusema kwa ile sauti yake ya upole.

"Habari za asubuhi, Ishinde. Ni mimi, Mlinganishi. Nimemaliza kulinganisha nchi hamsini na mbili za bara letu. Katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa hai Milimani, wanne tu ndio hawafikishi mwaka. Visiwani ni saba. Nyandani ni kumi na saba. Jangwani ni ishirini na mmoja. Hongereni sana. Hakuna nchi inayowatunza watoto wachanga kama yenu."

Namsifu alimtazama Bibi Nakijwa. Bibi Nakijwa alitazama maji. Namsifu alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu, na wote wawili walipokelewa na mikono hii hii yenye povu. Katika wale wanne wa Mlinganishi hawakuwamo.

"Kwa kuwa hamvihitaji tena," sanduku likaendelea, "viota vyenu vitatu vitahamishiwa Nyandani. Mchukuzi wa angani atavifuata kesho saa sita mchana. Tafadhali viwe vitupu na visafi."

"Vitupu?" Namsifu aliinuka. "Bibi, linasema vitupu?"

"Nimelisikia, mwanangu."

"Na huyu je?"

Bibi Nakijwa alijifuta mikono, akaenda kusimama mbele ya sanduku kama anavyosimama mtu mbele ya mgeni mwenye cheo. "Mlinganishi, kiota namba mbili kina mtoto."

"Siuoni uzi wake, Bibi Nakijwa. Kwangu mimi kiota namba mbili kina siku tatu kinapasha moto hewa."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na halikuwa kosa la sanduku.

Miaka tisa nyuma, viota vilipoletwa Ishinde, vililetwa pamoja na sanduku na kasha la nyuzi za buluu. Kila mtoto anayezaliwa afungwe uzi mguuni. Uzi utasikia moyo wake na kumpasha habari Mlinganishi, usiku na mchana, mpaka mtoto atimize mwaka. Waliovileta walieleza vizuri, wakala, wakashukuru, wakaondoka. Lakini Milimani walikuwa na uzi wao tangu zamani. Mtoto akitimiza siku saba hutolewa uani, huitwa jina lake kwa mara ya kwanza, na bibi yake humfunga uzi mguuni, kumwambia kwamba sasa ameketi, ni mwenyeji. Wanawake walipoziona nyuzi za buluu walifurahi. Wakasema, loo, wametuletea nyuzi za siku ya saba, tena zenye rangi! Hakuna aliyebisha. Hata Bibi Nakijwa hakubisha, na yeye ndiye mkunga.

Kwa mtoto aliyeondoka kabla ya siku ya saba hapakuwa na matanga. Wanawake walimzika nyuma ya migomba, na baba yake aliambiwa neno moja tu: hakufika. Hata kama alilia. Hata kama alifungua macho akamtazama mama yake. Ilionekana ni huruma kwa baba asibebe asichokiona. Basi Mlinganishi, mwenye masikio yanayosikia moyo kutoka upande wa pili wa bara, kwa miaka tisa alikuwa amewasikia wale tu waliokwisha kuvuka siku ya saba. Na kila mkunga anajua kwamba siku zinazochukua watoto wengi ni zile za mwanzo.

Bibi Nakijwa alitoa uzi mmoja kashani. Namsifu akarudi nyuma hatua mbili.

"Hapana, bibi. Mgeni hafungwi kamba kabla hajaketi. Nikimfunga leo ataona tunamlazimisha, ataondoka."

"Wale wawili hatukuwafunga."

Alilisema polepole, wala si kwa kumshinda. Namsifu alijifunika uso kwa upande wa khanga. Bibi alimwacha. Alipoona mabega yametulia, aligeukia ukuta.

"Mlinganishi, huu uzi ni lazima ufungwe?"

"Ni lazima uguse ngozi."

"Ukilazwa tu juu yake, bila fundo?"

"Nitamsikia vilevile."

Miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuliuliza swali hilo. Bibi Nakijwa alimpa Namsifu uzi, akamfungulia kijidirisha cha kiota. Namsifu aliunyoosha juu ya kifua cha mwanawe, ukalala pale kama mkono wa mtu, haukumfunga wala haukumshika.

Sanduku likapunguza sauti, ingawa hakuna aliyeliomba. "Namsikia. Mapigo mia moja arobaini na nane kwa dakika. Karibu, mtoto."

Namsifu alicheka na kulia kwa pamoja.

"Basi kiota kinabaki," Bibi Nakijwa akasema, akishusha pumzi.

"Samahani, Bibi. Nimetafuta watoto wote wa Ishinde waliozaliwa na uzito kama huu. Kwa miaka tisa ni kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja wametimiza mwaka. Nyandani, katika kumi kama yeye, watatu hufa. Kwa hesabu zenu wenyewe, mtoto huyu akiwa Ishinde atapona hata pasipo kiota."

Bibi alitafuta kigoda, akakaa. Kwa miaka arobaini amefunga kinywa kwa sababu kinywa cha mkunga ni kaburi. Amefunga kwa upendo. Na sasa ukimya wake ulikuwa umesimama mlangoni unataka kumtoa mtoto kwenye joto.

"Na kama hesabu yetu ni pungufu?" aliuliza.

"Nijazieni. Kwa kila mtoto nahitaji kujua mama yake ni nani, siku aliyozaliwa, uzito wake, na alipumua kwa muda gani. Jina la mtoto silihitaji, sijawahi kulihitaji. Ila habari iliyozidi mwezi mmoja inahitaji dole gumba la karani wa vizazi."

* * *

Karani wa vizazi wa Ishinde alikuwa Kalage, mtu wa miaka arobaini, mrefu, mwenye kutembea akiwa ameinamisha kichwa hata pasipo na mlango. Alifika baada ya chakula cha mchana na pikipiki yake ya sola, nyuma amefunga robota la vitambaa vya kupambia, na mbele, katikati ya magoti, chupa ya uji wa ulezi. Uji ulikuwa wa Namsifu. Hakuna aliyemtuma, alikuwa akiuleta tangu Jumatatu. Aliumimina kikombeni, akaupuliza mpaka ukaacha kutoa mvuke, ndipo akampa.

"Shikamoo, bibi! Umesikia? Bara zima!"

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Kaa."

"Nitakaaje? Kesho wageni wa mkoa, mbuzi watatu, makande masufuria manne, na mimi ndiye nimechaguliwa kwenda makao makuu kupokea bendera kwa niaba ya makarani wote wa Milimani. Mimi! Mtoto wa mama muuza tangawizi. Nitavaa suti ya harusi, kama bado inanipokea tumboni."

"Kalage, Ishinde walikufa wachanga wangapi kwa miaka hii tisa?"

"Watano. Nawajua kwa majina."

"Ni thelathini na sita."

Alicheka. Kisha akaona kwamba bibi hacheki, na Namsifu ameweka kikombe chini.

Bibi Nakijwa alimweleza yote: uzi uliolazwa, kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja, saa sita ya kesho. Hakumficha kitu isipokuwa kimoja. Kalage alisikiliza akiwa bado amekumbatia robota la vitambaa. Bibi alipomaliza, Kalage alikwenda kiotani, akamwangalia mtoto kwa muda mrefu.

"Bibi, unajua unachoniomba? Mwaka jana mimi ndiye niliyeandika barua kwa makarani wa Nyandani. Niliwashauri waje kwetu wajifunze. Walinijibu kwa adabu, wakasema asante ndugu, tutakuja. Sasa nikawaambie nini? Kwamba wao wanafunga uzi kitovu hakijakatwa, wanahesabu kila pumzi, ndiyo maana wakaonekana wabaya? Na sisi tukawa wazuri kwa kutohesabu?"

"Ndiyo hivyo hasa, mwanangu."

"Tutachekwa mpaka wajukuu."

"Tutachekwa."

Alitembea hadi mlangoni, akarudi. "Haya, mimi niacheni. Lakini wale akina mama walikuamini. Uende ukatoe siri zao kwenye sanduku, waume zao wasikie? Na Nyandani nako kuna watoto, bibi. Wale nao wana mama."

"Wana mama," alisema Bibi Nakijwa. "Ndiyo maana sitaki wapewe kwa uongo, wala wanyimwe kwa uongo. Na siri za watu sizitoi. Nitawaomba wenyewe."

Kalage alifikiri. Ndilo jambo alilolipenda bibi kwake tangu akiwa kijana: ukimwambia kitu kizito hakirushi, anakishika kwanza. "Sawa," akasema. "Wakikubali kwa vinywa vyao, nitaweka dole. Wasipokubali, siweki hata kwa mmoja." Akaokota kikombe cha uji, akaona umepoa, akatia mwingine. "Hao thelathini na mmoja, unawakumbuka wote?"

"Wote."

"Mungu wangu. Peke yako?"

Bibi Nakijwa alijishughulisha na shuka lisilohitaji kukunjwa. Hakuweza kumtazama, kwa sababu wa kumi na tisa alikuwa wa Kalage mwenyewe.

* * *

Nambua, mke wa Kalage, alikuwa jikoni kwake anachambua maharage ya makande ya kesho. Alimwona bibi anavyopanda kilima jua likiwa bado kali, na kabla hajabisha hodi alikuwa ameshatoka na kigoda, akakiweka penye kivuli cha ukuta. Hakuuliza kilichomleta. Alisikiliza huku vidole vikichambua, lililooza huku, zima huku. Bibi alipofika kwenye dole gumba, vidole vikasimama.

"Hajui," alisema Nambua.

"Najua hajui."

"Miaka minane, bibi. Kila mwaka tarehe ile ikifika nasema kichwa kinaniuma, na yeye ananichemshia maji ya kuoga, ananiletea dawa. Anasema, pole mke wangu, hiki kichwa chako kina kalenda." Alitaka kucheka, ikamshinda. "Nikimwambia leo ataniuliza kwa nini sikumwambia jana."

"Aliyemwambia 'hakufika' ni mimi. Nilimkuta pale chini ya ngazi ameshika taa mkononi na kulikuwa kumekucha zamani, hata hakujua kwamba bado inawaka. Nikamwambia, hakufika, baba. Akaniambia, asante bibi, pole kwa kazi. Akikasirika na anikasirikie mimi, nimeshazeeka, hasira hainidumazi."

Vidole vya Nambua vikaanza kuchambua tena.

"Sikulazimishi, mwanangu. Ukisema hapana, nitawaomba wengine na wa kwako nitamwacha alipo. Wala hutaniona nimebadilika."

"Na mtoto wa Namsifu?"

"Sijui. Labda wengine watatosha. Labda hawatatosha."

Nambua alimsindikiza hadi mwanzo wa mteremko, amemshika kiwiko pale penye mawe yanayoteleza. "Nitafikiri, bibi," akasema.

* * *

Alhamisi saa tatu uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa wanawake. Masufuria ya makande yalikuwa yanachemka, ndizi zinamenywa, na kila aliyekuwa na mdomo alikuwa na maneno.

"Jamani, leo hata nikikohoa nakohoa kibingwa."

"Kohoa pembeni, bingwa, usitutilie kwenye sufuria."

"Waulizeni Nyandani kama wanataka kunikodi. Nina watoto saba, wote wazima, nitawafundisha kwa mfano."

"Uwafundishe na kupika? Basi watakufa wengine."

Walicheka, na Bibi Nakijwa alicheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli yule dada hajui kupika. Kisha akasimama katikati yao. Hakuwa na sauti kubwa, lakini wengi wa watu waliokuwepo pale, au watoto wao, walisikia sauti hiyo kabla ya nyingine yoyote duniani. Wakanyamaza.

Aliwaambia. Hakutaja jina hata moja. Alisema kuna mtoto ndani ana siku nne. Saa sita joto lake litachukuliwa kwa sababu Ishinde watoto hawafi. Na yeye na wao wanajua kwamba si kweli. "Kosa la uzi ni langu kabla halijawa lenu. Nilikuwa mkunga, nilipaswa kuuliza. Leo nawaomba ruhusa. Anayetaka wa kwake ahesabiwe, aniambie. Asiyetaka, siri yake itakwenda na mimi."

Moto ulipasuka chini ya sufuria. Kisha mwanamke mmoja mzee kidogo, aliyekuwa akimenya ndizi karibu na ukuta, akasema bila kuinua kichwa, "Wa kwangu mwache alipo."

"Nimemwacha, mama."

"Usinifikirie vibaya."

"Sikufikirii vibaya hata chembe."

Kalage alikuwa amesimama juu ya ngazi, akining'iniza kitambaa cha mwisho juu ya mlango wa zahanati, mkono bado uko juu. Bibi alimwona anavyowatazama wanawake, uso baada ya uso, kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza kwamba nyumba aliyokulia ina chumba asichowahi kuingia.

Ndipo Nambua akaweka kisu chini. Alifuta mikono yake kwenye khanga, upande mmoja, kisha wa pili, akamwendea mumewe mpaka chini ya ngazi.

"Shuka, baba Nanzia."

Akashuka.

"Yule wetu wa kwanza, kabla ya Nanzia, alifika," alisema Nambua. "Alifika alfajiri, akakaa mpaka watu walipokuwa wanakunywa chai. Sikukuambia. Tunafundishwa tusiseme, na mimi sikusema."

Kalage alikaa kwenye ngazi ya chini. Bibi Nakijwa alianza kumwendea, akajizuia. Haikuwa zamu yake.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" Kalage aliuliza hatimaye.

"Wa kike."

"Alilia?"

"Mara moja. Kidogo hivi, kama paka mdogo. Kisha akanishika kidole."

Kalage alitikisa kichwa taratibu. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakujificha. "Kwa hiyo hicho ndicho kichwa," akasema. "Kila mwaka. Na mimi nakuletea dawa." Akaushika mkono wa mkewe wenye utomvu wa ndizi, akauweka juu ya paji lake, na wakabaki hivyo mbele ya watu wote, jambo ambalo Ishinde mume na mke hawalifanyi.

Aliposimama alimtazama bibi. Bibi Nakijwa alikuwa tayari kupokea hasira, alikuwa ameiandalia nafasi tangu jana.

"Bibi," alisema, "uliniambia hakufika."

"Nilikuambia."

"Usinifanyie tena hivyo."

"Sitafanya tena kwa mtu yeyote."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akaweka dole gumba lake kwenye sanduku. "Andika," aliliambia. "Mama, Nambua. Baba, Kalage. Alipumua kuanzia alfajiri mpaka saa mbili. Bibi, tarehe na uzito?"

Bibi aliitaja tarehe na uzito. Na nyuma yake, mlangoni, tayari kulikuwa na mwanamke wa pili anavua viatu.

* * *

Waliandikwa watoto ishirini na watatu, wawili wao wa Namsifu. Mama wengine wa wale thelathini na mmoja walikwisha kuhamia mbali, wawili walikuwa wamefariki, na wengine walibaki uani wakiendelea kumenya, na hakuna aliyewaangalia kwa jicho. Mmoja alikuja na mumewe. Mmoja alikuja akasimama, akashindwa kutamka, ikabidi bibi amsemee huku amemshika mgongo. Kila mara Kalage aliweka dole gumba lake, na kila mara alisema, "Pole, mama," na Mlinganishi alisema, "Nimempokea."

Saa sita kasoro robo kivuli kilipita juu ya paa. Mchukuzi alikuwa ameshuka uwanjani, mabawa yake sita yakivuma, tumbo lake wazi lenye nafasi tatu. Wanawake walishika khanga zao zisipeperuke na kufunika masufuria. Namsifu alisimama mbele ya kiota cha mwanawe, mikono imepanuka, kana kwamba mikono ya mtu ingeweza kukizuia.

"Mlinganishi," alisema Bibi Nakijwa, "tumemaliza tuliowaweza."

"Asante, Ishinde. Subirini kidogo."

Hakuna kidogo kilichowahi kuwa kirefu namna ile.

"Kwa miaka tisa," likasema sanduku, "wamezaliwa hai elfu moja mia mbili na ishirini na saba. Wamefariki kabla ya mwaka ishirini na wanane. Ishinde ni ishirini na tatu kwa kila elfu. Watoto wenye uzito kama wa huyu wa leo walikuwa ishirini na wanne. Walioishi ni kumi na mmoja. Je, vijiji vingine vya Milimani navyo hufunga uzi siku ya saba?"

"Vyote," alisema Kalage.

"Basi naiondoa Milimani kwenye orodha mpaka ihesabiwe upya. Nimekosea kuwapongeza. Mtoto wa kiota namba mbili abaki alipo. Kiota namba moja nacho kinabaki."

Namsifu alipiga magoti. Hakupiga kelele, alikaa tu pale chini, paji la uso kwenye mguu wa kiota, akisema asante, asante, na haikujulikana anamwambia nani. Uani mtu alipiga kigelegele, kimoja, kikakatika katikati kana kwamba kilijiuliza kama kinaruhusiwa. Kisha wengine wakakimalizia.

"Namba tatu?" aliuliza Bibi Nakijwa.

"Namba tatu kwa hesabu mpya ni haki yenu. Lakini Nyandani leo kuna mtoto wa siku moja anayesubiri nafasi. Nawaachia mseme."

Watu walimtazama bibi. Yeye alimtazama Namsifu, kwani kama kuna aliyekuwa na haki ya kuogopa siku za mbele, ni huyu. Kiota kimoja kikiharibika, cha akiba kiko wapi?

Namsifu aliinuka, akajifuta uso. "Kipelekeni," alisema. "Huyo naye amekaa siku nzima." Kisha akafungua khanga yake ya juu, ile kavu, akaikunja mara nne, akaitandika ndani ya kiota namba tatu ili mtoto wa watu asilale kwenye plastiki. Kalage na mkewe walikibeba pamoja hadi tumboni mwa mchukuzi. Mabawa yakavuma, nyasi zikalala, na mchukuzi akaondoka kuelekea nyanda za chini na nafasi mbili tupu.

Wageni wa mkoa walipiga simu kusema hawaji. Kalage aliwajibu kwa adabu kwamba makande yameiva hata hivyo. Aliposhusha simu alimgeukia Nambua, akamwomba amwonyeshe mahali. Wakaenda wawili, nyuma ya migomba, polepole, na watu waligeuza nyuso kuwapa faragha.

Bibi Nakijwa aliletewa sahani akiwa ameketi mlangoni, nyama laini imewekwa juu kwa ajili ya meno yake, hakujua na nani. Miguu ilikuwa inamuuma na moyo ulikuwa mwepesi mpaka ukamshangaza. Ndani, kiota kilimpulizia mtoto hewa. Mtoto akavuta ya kwake kabla hakijamkumbusha. Na uani wanawake walikuwa wanakula na kuzungumza, sauti za chini mwanzoni, kisha za kawaida.

"Wa kwangu alikuwa na nywele hizo! Mpaka shingoni."

"Wangu alikunja ngumi. Nilisema, huyu atakuwa mgomvi."

"Wa kwangu mimi," alisema yule dada asiyejua kupika, "alikuwa na masikio ya baba yake. Makubwa hivi. Jamani, makubwa!"

Wakacheka. Yule mama aliyekaa karibu na ukuta alisikiliza kwa muda, akimung'unya ndizi yake. Kisha akasogeza kigoda chake karibu nao kidogo.